Wiki Mbili Chini ya Paa

Kila Jumanne, kuanzia Novemba hadi Machi, mimi na wenzangu kumi na mmoja tunakodi saa moja katika ukumbi ulio pembezoni mwa Saint Paul, jimbo la Minnesota, na saa yenyewe huanza saa tano kasorobo usiku, kwa sababu saa zote za kistaarabu zimeshachukuliwa na klabu za watoto ambazo wazazi wao hulipia msimu mzima mapema. Tuko Watanzania, Wakenya na Wakongo, na lugha ya uwanjani ni Kiswahili mpaka mambo yapambe moto, ambapo kila mtu hurudi kwenye lugha ya bibi yake. Ukumbi ulijengwa kwa ajili ya mchezo wa magongo wa barafuni. Nyasi bandia zimetandikwa juu ya zege, mbao nyeupe zimezunguka pande zote kufikia kiunoni na juu yake kuna vioo. Mpira hautoki, hakuna kurusha, na anayejua kuutumia ubao ni kama ana mchezaji wa ziada. Mzee mmoja wa Lubumbashi, aliyevuka miaka hamsini na ambaye mbio zilishampa mkono wa buriani, hutufunga kila wiki kwa njia ile ile: anaugongesha mpira ubaoni kwa pembe anayoijua mwenyewe, anampita beki upande wa pili, na anaukuta mpira unamsubiri. Sisi tunapiga kelele, "Ukuta! Ukuta!", kuonyana, na bado anapita.

Ni katika ukumbi huo kijana mmoja wa Kisumu aliniuliza, tukiwa tunabadilisha viatu, "Kaka, hawa Minnesota United si wanaona baridi kama sisi? Mbona wasicheze huku ndani tukuje kuwaona?" Nilimjibu harakaharaka kwamba ligi ya klabu hiyo ya mji wetu imepumzika, lakini njiani kurudi nyumbani nikaona kwamba nimemkwepa, kwa sababu ligi kupumzika ndiyo sababu ya swali lake wala si jibu. Na swali limepata uzito mpya. Novemba 2025 ligi kuu ya Marekani na Kanada, MLS, ilitangaza kwamba kuanzia 2027 itahama kutoka kalenda yake ya mwaka mmoja na kufuata ile ya Ulaya, ambapo msimu unaanza Julai na kumalizika Mei, na katikati kuna mapumziko ya kuanzia katikati ya Desemba hadi mwanzoni mwa Februari. Maana yake ni kwamba msimu utakatwa katikati, mashabiki wakiwa bado na moto, kisha wataambiwa wakae nyumbani kwa majuma kadhaa katika kipindi ambacho watu wa kaskazini hawana pa kwenda.

Sitaki kuficha msimamo wangu hadi mwisho. Naamini ligi za kulipwa zinazocheza nje zinapaswa kuwa na mashindano ya ukumbini wakati wa baridi, na naamini vilevile kwamba yakizidi wiki mbili yatakuwa yameshaanza kuharibu kile yalichokuja kukisaidia. Nimefika hapo kwa kusoma habari za watu waliojaribu kabla yetu, na mji ninaoishi ni mmoja wa miji iliyolipia somo hilo.

Kwanza baridi yenyewe, kwa sababu ndugu zangu wa Dar na Mombasa wanaweza kudhani tunadeka. Tarehe 12 Machi 2017 Minnesota United ilicheza mechi yake ya kwanza ya nyumbani katika MLS, dhidi ya Atlanta United, theluji ikianguka, joto likiwa nyuzi 7 chini ya sifuri, kwa mpira wa rangi ya chungwa ili uonekane. Ilifungwa 6–1. Februari 2025 mechi ya Sporting Kansas City na Inter Miami ya Lionel Messi iliahirishwa kwa siku moja kwa sababu ya hali ya hewa, na ilipochezwa usiku wa tarehe 19 baridi ilikuwa karibu nyuzi 16 chini ya sifuri; Messi alifunga bao pekee na picha zake akiwa amejifunika shingo zilizunguka dunia nzima. Montréal, alikocheza Mkenya Victor Wanyama kuanzia 2020 hadi 2024, klabu ilikuwa na desturi ya kukimbilia Uwanja wa Olimpiki wenye paa kwa mechi zake za mwanzo wa mwaka. Januari ya huku haina hata huruma ya Machi. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayependekeza ligi ichezwe nje Minnesota mwezi huo, na kalenda mpya inakiri hivyo.

Kwa hiyo kuna pengo, na wazo la kulijaza kwa mpira wa ukumbini lina zaidi ya miaka 50. Tarehe 11 Februari 1974 Philadelphia Atoms, mabingwa wa mwaka uliotangulia wa NASL, ligi kuu ya nje ya Marekani na Kanada ya wakati huo, waliikaribisha timu ya jeshi la Kisovieti kutoka Moscow katika ukumbi wa Spectrum. Wageni walishinda 6–3, lakini kilichowashtua watu wa biashara ni kwamba watu zaidi ya 11,000 walilipa kiingilio kuangalia mpira wa miguu ukichezwa mahali pa magongo, katika nchi ambayo mpira huo ulikuwa bado unaonekana kama mchezo wa wahamiaji. Mmoja wa waliokuwamo ukumbini, Ed Tepper, alitoka na wazo ambalo mwaka 1978, akiwa na Earl Foreman, aliligeuza kuwa ligi kamili ya ukumbini, MISL. NASL wenyewe walikuwa wameonja mapema: waliandaa mashindano mafupi mwaka 1975, San Jose Earthquakes wakawa mabingwa, na mengine mwaka 1976, yaliyochukuliwa na Tampa Bay Rowdies. Yalikuwa mafupi, ya kuchangamsha, na kila timu ilirudi kwenye maandalizi yake ya nje ikiwa na miguu mizima.

Wangeishia hapo, makala hii isingekuwa na la kusema. Lakini MISL ilipoanza na timu 6 na kuanza kuwavuta wachezaji, wamiliki wa NASL waliingiwa na wasiwasi wa mwenye duka anayemwona jirani akipanga bidhaa zile zile. Majira ya baridi ya 1979–80 wakaanzisha ligi yao ya ndani yenye timu 10. Mwaka uliofuata zikawa 19, kila moja ikicheza mechi 18. Halafu zikashuka hadi 13, halafu mwaka mmoja ligi ya ndani haikufanyika kabisa, na ilipofufuliwa 1983–84 zilibaki timu 7 tu, safari hii zikicheza mechi 32 kila moja. Mechi 32 ni msimu mzima. Mchezaji alimaliza msimu wa nje mwishoni mwa majira ya joto, akaingia ukumbini Novemba, akatoka wakati wenzake wa kwingineko wanafanya mazoezi ya kujiandaa, na kocha akampokea akiwa amechoka kama punda wa Lamu siku ya jahazi kufika.

Ligi ya nje nayo ilikuwa inayeyuka wakati huohuo: timu 24 mwaka 1980, 21 mwaka 1981, kisha 14, kisha 12, na 9 tu mwaka 1984. Machi 1985 NASL ilifunga milango. Ningekuwa mwongo nikisema ukumbi ndio uliowaua. Waliuawa na mishahara wasiyoimudu, kupanuka kwa pupa, na kukosa televisheni ya kitaifa baada ya kituo cha ABC kujitoa. Ninachosema ni kwamba ukumbi haukuwaokoa ingawa waliukimbilia kama dawa, na kwamba ulimpa kila mmiliki aliyechoka mlango wa kutokea. Chicago Sting ndio mfano unaoniuma zaidi: walitwaa ubingwa wa mwisho wa NASL mwaka 1984, na wakati huohuo wakawa wameshaamua kuachana na nyasi kabisa na kwenda kucheza ndani, ambako mashabiki wao walikuwa wengi na gharama ndogo. Bingwa wa ligi anapoona afadhali asitetee kombe lake, ligi hiyo imekwisha hata kama ofisi zake bado ziko wazi.

Hapa kwetu hadithi ni fupi na chungu. Minnesota Kicks, waliokuwa wakijaza uwanja wa Metropolitan miaka ya 1970, walicheza misimu miwili ya ndani na mwaka 1981 wakafa. Mwaka 1984 Fort Lauderdale Strikers wakahamia huku kutoka Florida, wakacheza msimu mmoja wa nje, kisha wakawa timu ya ukumbini tu katika MISL hadi 1988. Mwaka 1986 walifika fainali dhidi ya San Diego Sockers, wakaongoza mechi 3 kwa 1, na wakapoteza tatu zilizobaki. Wazee wa hapa wanaoufahamu mpira bado wanaitaja fainali hiyo kwa sauti ya mtu anayesimulia msiba. Baada ya hapo mtoto wa Minnesota aliyetaka kuona timu kubwa ya mpira wa nje alisubiri miaka mingi mno.

Upande wa pili wa shilingi unastahili kuelezwa kwa haki, na jina lake ni Steve Zungul. Alitoka Hajduk Split ya Yugoslavia mwishoni mwa 1978 bila kibali cha klabu yake, na kwa kuwa mpira wa mbao haukuwa chini ya FIFA, ukumbi ndio mahali pekee alipoweza kucheza. New York Arrows wakampokea. Msimu wa 1980–81 alifunga mabao 108. Nasema tena, 108, katika msimu mmoja, na Arrows wakachukua makombe manne ya kwanza ya MISL. Watu walimdharau wakidai kwamba mabao ya ukumbini ni mabao ya chandimu. Aliporuhusiwa kucheza nje akaenda Golden Bay Earthquakes, na mwaka 1984 akatajwa mchezaji bora wa NASL. Ukumbi haumharibu mchezaji mwenye kipaji. Unamnoa: nafasi ni finyu, mpira unarudi kabla hujapumua, na mguso wa kwanza ukiwa mbaya wa pili ni wa mpinzani.

Tatizo liko kwenye miili. Nyasi bandia zilizolazwa juu ya zege hazitoi hata kidogo. Mguu unanasa, goti linaendelea na safari. Nililijua hilo vitabuni kabla sijalijua mwilini. Majira mawili ya baridi yaliyopita, katika ukumbi mwingine ambao sina haja ya kuutaja, maungio ya kapeti yalikuwa yameinuka karibu na kona na mtu amebandika utepe wa plastiki juu yake badala ya kulishona upya. Niligeuka na mpira, kiatu kikabaki kwenye ule utepe, nikasikia mlio mdogo kama kijiti kikavu. Goti halikukatika, Mungu mkubwa, lakini nilikaa wiki tano bila kusimama kazini, na kazi yangu ni ya kusimama. Mimi ni mtu wa kucheza kwa kujifurahisha. Mchezaji anayelipwa mamilioni ya dola ana klabu inayomhesabu kama mali, na klabu hiyo haitakubali akageukie utepe wa plastiki tarehe 10 Januari ili mashabiki wapate burudani.

Wajerumani waliliona hilo na kwa muda walipata njia. Bundesliga ilikuwa na mapumziko marefu ya baridi, na klabu zake zilizoea kuzunguka kumbi za miji mikubwa zikicheza mashindano ya siku moja au mbili yenye mbao pembeni. Kuanzia 1988 shirikisho lao, DFB, likayafunga mashindano hayo kwa kombe rasmi la ukumbini, ambalo klabu zilifuzu kwa matokeo ya mashindano madogo. Ukumbi wa Westfalenhalle mjini Dortmund ulikuwa ukijaa, na Borussia Dortmund walilibeba kombe mara kadhaa. Kilichonivutia zaidi ni majina ya mwishoni: mwaka 2000 bingwa alikuwa Greuther Fürth na mwaka 2001 SpVgg Unterhaching, klabu ndogo ambazo kwenye nyasi zisingethubutu hata kuota. Lakini jina dogo kubeba kombe lilikuwa pia dalili kwamba wakubwa walikuwa wameacha kulijali. Makocha walipunguza nyota wao, ratiba ya Ulaya ikabana, na baada ya 2001 kombe la wanaume likafutwa. La wanawake liliendelea hadi 2015, na vijana bado waliendelea kukutana Sindelfingen kila Januari, timu za chini ya miaka 19 kutoka klabu kubwa, mbele ya ukumbi uliojaa. Kama kuna sehemu ya jaribio la Wajerumani ninayoipenda, ni hiyo ya vijana na wanawake, iliyodumu baada ya nyota kuondoka.

Msomaji wa Tanzania atakuwa ameshaona ninakoelekea, kwa sababu sisi tuna kitu cha namna hiyo bila theluji wala paa. Kila Januari Kombe la Mapinduzi huko Zanzibar limekuwa likiingia katikati ya msimu, na kwa miaka mingi Simba, Yanga na Azam wamevuka bahari wakiwa na kikosi ambacho nusu yake ni chipukizi na wachezaji wa akiba. Shabiki analalamika kwamba kocha amedharau kombe, kisha dakika ya 70 kijana asiyejulikana anapiga chenga mbili, na Jumatatu jina lake liko vijiweni. Mashindano ni mafupi, yana heshima ya tarehe yake, na yakiisha kila mtu anarudi kwenye ligi. Hakuna aliyewahi kupendekeza Kombe la Mapinduzi liwe la mechi 32.

Tuna pia mfano wa kinyume chake, ambao ni ndondo. Kila ligi inaposimama, wachezaji wa timu kubwa wanaonekana mchangani Dar es Salaam, wengine kwa ruhusa, wengine kwa kuvaa kofia na kujiita majina ya bandia, wakilipwa kwa mechi na tajiri wa mtaa. Klabu zinakataza, na zina sababu, lakini marufuku haijawahi kuifuta ndondo, kwa sababu mahali penye mashabiki na pesa mchezaji atafika. Ndivyo ilivyo huku pia. Ligi za nje zikiliacha pengo la baridi, halitabaki tupu. Ujerumani tayari mwaka 2024 ilizaa Baller League, yenye sura za Lukas Podolski na Mats Hummels, na Icon League ya Toni Kroos, zote zikichezwa ukumbini, zote zikiwalenga vijana wanaotazama mpira kwenye simu. Marekani nayo ina ligi ya ukumbini ya kudumu, MASL, ambako Landon Donovan alikwenda kuichezea San Diego Sockers mwaka 2019 baada ya kustaafu nje.

Basi ningependa MLS ifanye hivi, ikiwa kuna mtu anasikiliza. Ichukue wiki mbili za kwanza za Januari, si zaidi, na miji minne au mitano ya baridi: Saint Paul, Chicago, Toronto, Montréal, Columbus. Kila klabu ilete kikosi cha wachezaji kumi na wanne, wengi wao kutoka akademia na timu ya pili, na nafasi tatu tu za wachezaji wa kikosi cha kwanza wanaotaka wenyewe, kwa maandishi. Mechi zichezwe kwa sheria za mbao, wachezaji sita kila upande, kipa akiwemo, kubadilishana wakati wowote. Najua wako watakaosema tuchukue futsal, kwa kuwa FIFA inaitambua, haina mbao, mpira wake haurukiruki na miguu inapumua zaidi. Kwa kufundisha watoto nakubaliana nao kabisa. Lakini mtu aliyetoka nyumbani kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri anataka mlio wa mpira kwenye ubao na mabao kumi kwa jioni moja, na hilo futsal haimpi kwa kiwango kilekile. Na wanawake wawe na siku zao kwenye ukumbi uleule, tiketi ileile.

Kuna pingamizi moja ambalo sina jibu lake zuri. Kumbi zote zinazofaa zina wenyewe, na Januari ndiyo kilele cha magongo na mpira wa kikapu. Kulaza nyasi juu ya barafu na kuziondoa ni kazi ya usiku kucha, inayohitaji watu wengi wanaojua wanachofanya, na mwenye ukumbi atataka malipo ya kufidia usiku huo. Wiki mbili katika miji mitano huenda zikawa siku sita tu za mpira. Mimi ningezichukua.

Jumanne iliyopita nilimrudia yule kijana wa Kisumu na mawazo yangu yote haya, nikayamwaga kwa mpangilio. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia mzee wa Lubumbashi na kumuuliza anaonaje. Mzee alikuwa akijifunga bandeji kwenye kifundo. Akasema, "Mimi nauliza kitu kimoja tu. Huyu mtoto wa miaka 18 akivunjika goti siku ya pili, nani analipa mshahara wake mpaka apone, na nani analipa kama haponi?" Nilikuwa nimefikiria nyasi, mbao, miji na tiketi, na hilo sikuwa nimelifikiria. Linahitaji kuandikwa kwenye mkataba kati ya ligi na chama cha wachezaji, kwa tarakimu, kabla ya kuuzwa tiketi ya kwanza. Saa yetu ikawa imefika, taa za upande wa pili zikawashwa, na dakika mbili baadaye mzee alikuwa ameshampita beki wangu kwa ubao.